Jino la Chemosit Kwenye Ramani Yetu

Jumamosi iliyopita niliwafukuza watoto sebuleni kwangu. Walikuwa wanne, binti yangu na binamu zake, wamebanana kwenye kochi moja wakitazama simu na kubishana kuhusu mchezo wa video ambao haujatoka bado. Ni ile michezo ya mapanga na uchawi, unachagua utakuwa nani kisha unazunguka nchi nzima ukipigana na mazimwi. Watengenezaji wametoa picha moja tu, na hawajasema hadithi yenyewe itatokea wapi. Basi mmoja akasema ni jangwani, kwani mchanga si huu hapa kwenye kona? Mwingine akasema huo si mchanga, ni theluji wakati jua linazama. Binti yangu akawaambia wote wawili hawana macho, hicho ni kisiwa. Nikawaambia watoke nje, wote, na simu yao.

"Lakini Mum, tunaguess tu," binti yangu akasema. "Hakuna mtu anapigana."

Nilijua hakuna mtu anapigana. Nilifunga mlango hata hivyo, nikabaki nimesimama na kitambaa cha meza mkononi, hasira zimenipanda, na sina wa kumweleza. Nilimpoteza kaka yangu kwa ubishi kama huo, juu ya mchezo ambao mimi na yeye hatukuwahi kuucheza hata siku moja. Hakufa. Ana ng'ombe wake wa maziwa na nyumba nzuri ya mabati ya rangi, na tukikutana kwenye harusi au mazishi tunasalimiana vizuri. Lakini yule Kiprono niliyekuwa naye nilipokuwa darasa la nne aliondoka mwaka ule, na yule aliyekuja baada yake ni mtu wa heshima tu.

Kwetu ni mteremko mmoja nje kidogo ya Roret, nchi ya Wakipsigis, chai kutoka barabarani mpaka chini kwenye kijito. Upande wa kulia ilikuwa chai ya Baba. Upande wa kushoto ilikuwa ya kaka yake, ambaye alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mjane wake, Mama Chelangat, aliishi hapo na wanawe. Nasema kulia na kushoto, lakini mgeni angesimama pale asione mahali moja inaishia na nyingine inaanzia. Babu aliwagawia wanawe shamba hilo likiwa bado malisho, wakapanda chai pamoja, mwaka mmoja, miche ya kitalu kimoja, na ilipokua ilifungana ikawa kitu kimoja. Baada ya kaka yake kufa, Baba aliendelea kuchuma mistari kadhaa ya upande ule. Alisema anamsaidia shemeji. Aliwalipia wanawe karo pia, hilo lazima niseme, kwa maana nikikasirika huwa nasahau kulisema.

Mjomba wetu, kaka yake Mama, alikuwa mpishi kwenye nyumba ya meneja mmoja katika mashamba makubwa upande wa Kericho. Watoto wa meneja walisoma ng'ambo. Wakija likizo walikuja na majarida yao, wakiondoka waliyaacha, na mjomba aliyatumia kufungia vitu. Siku moja alituletea kipande cha sabuni ya kufulia kimefungwa kwa ukurasa wa rangi. Mama alichukua sabuni, Kiprono akachukua karatasi. Mpaka leo nikikata sabuni ya mche, ile harufu kali ikinipanda puani, naona picha ile yote.

Kulikuwa na milima ya kijani, na kwenye milima kulikuwa na mistari, imenyooka, mmoja baada ya mwingine, ikishuka mpaka mtoni. Ukungu ulikuwa umelala bondeni. Kwa mbali kulikuwa na jengo jeupe lenye mnara mrefu, na kati ya mistari watu wadogo sana walikuwa wameinama, wamebeba vikapu mgongoni. Mbele kabisa alisimama mtu mmoja mwenye panga, ametugeuzia mgongo, anatazama nchi hiyo. Sasa mimi ni mtu mzima na najua kwamba yale yalikuwa mashamba ya zabibu, na jengo lile lilikuwa ngome ya Uzunguni. Lakini niambieni, mtoto wa Roret angeona nini pale isipokuwa chai?

Kiprono alikuwa darasa la saba na ndiye aliyenisomea. Kijiji kizima kilikuwa na televisheni moja, ya mwalimu mkuu, iliyotumia betri ya gari. Lakini Kiprono alikuwa ameenda Kericho mara moja, akaingia kwenye duka moja nyuma ya stendi ambapo vijana walicheza michezo ya video, akashika vile vidude kwa muda mfupi kabla mwenye zamu hajamnyang'anya. Kwa hivyo alikuwa mtaalamu. Alisoma akifuata maneno kwa kidole.

"Wanasema ni mchezo unakuja. Utachagua kuwa askari, ama mchawi, ama mwizi. Halafu unatembea nchi yote."

"Nchi gani?"

"Wanasema hawasemi."

"Kwa nini hawasemi?"

"Ni siri. Wanataka watu wafikirie kwanza." Akaitazama picha muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Chepkoech, hii si ni kwetu?"

Nikaona ni kwetu. Mnara ule ulikuwa bomba la moshi la kiwanda cha chai. Mto ulikuwa kijito chetu, wameutia chumvi kidogo. Watu wale walikuwa wachumaji, na ukimtazama mmoja vizuri alikuwa ameinama kama Mama, mkono mmoja kiunoni. Nikauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza, kwamba waliichukua vipi nchi yetu bila sisi kuwaona. Kiprono akanijibu bila kufikiri, na jibu hilo ndilo lililotuponza.

"Hawajachukua yote. Hii ni picha tu. Huwezi kuweka mlima kwa TV kama hujaupima. Lazima watakuja wapime."

Tukaamua kuwasaidia. Tulitoa kalenda ya mwaka uliopita ukutani, tukaigeuza, tukaanza kuchora ramani ya nchi ya mchezo. Tuliipa kila kitu jina. Kituo cha kupimia chai kilikuwa Soko la Mizani, pahali ambapo askari angenunua panga. Boma la ndama lilikuwa gereza. Mazimwi hatukuyatafuta mbali. Sote tulikuzwa na hadithi za chemosit, lile dubwana lenye mguu mmoja na mdomo unaowaka kama taa, linaloimba msituni ili watoto walifuate. Kiprono alisema Wazungu hawamjui chemosit, na wakimjua watatupa zawadi. Na chini kabisa, katikati ya chai, kulikuwa na kipande cha chuma cha reli kimesimama kutoka ardhini, kimefika gotini mwangu, kina kutu na baridi hata saa saba mchana. Hicho tulikiita Jino la Chemosit. Ndipo dubwana lilipozikwa, na mtu akiling'oa jino hilo, linaamka.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu hatua. Kiprono aliniambia mchezo wowote unaenda kwa hatua, na ramani bila hatua ni picha ya ukutani. Nilihesabu kila siku nikirudi shuleni, chai mbichi ikinilowesha sketi mpaka kiunoni. Kutoka kisiki cha mkaratusi kando ya njia, hatua themanini na nne kuteremka, kisha kushoto, hatua kumi na tisa, na hapo ndipo Jino. Nilizijua hatua zile kuliko jedwali la kuzidisha. Kiprono aliziandika kwenye ramani kwa mwandiko wake mzuri, na nikajiona mtu muhimu sana katika kampuni hiyo ya watu wawili.

Ilifika likizo ya Aprili. Mvua ilikuwa kubwa, na nyumbani watu wazima walikuwa wameanza kunong'ona. Mama Chelangat hakuja tena kuomba chumvi wala kuleta. Nilisikia Mama akimwambia jirani kwamba mjane huyo amekwenda kwa chifu, anataka shamba ligawanywe rasmi, kila mtu apate hati yake, kwa sababu wanawe wanakua. Nilisikia na nikapita zangu. Mambo ya hati yalikuwa kama mambo ya mgongo kuuma, ya wazee.

Siku mbili mfululizo Baba alimchukua Kiprono wakaenda kufanya kazi kule chini, mimi nikaambiwa nichunge ndama juu na nisisogee. Siku ya pili jioni Kiprono alirudi na malengelenge viganjani, matope mpaka magotini, na hakutaka kula. Asubuhi nilimletea ramani. Akaisukumia mbali.

"Nimefikiria tena," akasema. "Si hapa."

"Si hapa nini?"

"Hiyo nchi ya mchezo. Si kwetu. Ni kule Tinderet, ama Nandi. Angalia hiyo milima, yetu si mirefu hivyo."

Kisha akachukua kifutio, akafuta Jino la Chemosit. Alifuta na hatua zangu zote. Alifuta kwa nguvu hata karatasi ikatoboka, na akaendelea kufuta juu ya tundu. Nililia nikamwambia yeye mwenyewe ndiye aliyesema ni kwetu. Akasema alikosea. Nikamwonyesha kiwanda kwenye picha, akasema viwanda viko kila mahali. Nikamwambia tuteremke tukalitazame Jino pamoja, akanishika mkono akaniumiza, akasema, "Usiende kule chini. Ukienda nitakuchapa mimi mwenyewe."

Bila shaka nilienda. Jino halikuwepo. Udongo ulikuwa umesawazishwa na majani yametandazwa juu, lakini zile hatua zilikuwa bado kichwani mwangu, na nilisimama juu ya pahali penyewe. Nyinyi mnaosoma mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilidhani Kiprono amelichukua Jino akalificha, ili watu wa mchezo wakija awaonyeshe peke yake, jina lake liandikwe na langu lisiandikwe. Nilidhani habari za Tinderet ni ujanja wa kunipoteza njia. Miezi minne tulibishana juu ya jambo hilo, jikoni, njiani, kanisani tukiwa tumekaa benchi moja. Yeye, Tinderet. Mimi, hapa. Kila hoja aliyotoa niliijibu, na kadiri nilivyomshinda ndivyo alivyozidi kukasirika, na mimi nikaona hasira yake ni ya mtu anayejua ameshindwa. Sijui kama kuna kitu kinachochosha kama kubishana na mtu asiyeamini anachosema.

Agosti wakaja. Nilitumwa na Mama kupeleka birika la chai chini kwa wageni, nikatokea kwenye mistari na kuona chombo kimesimama kwa miguu mitatu, kina jicho la kioo, na mwanamume mwenye kofia ameinama anachungulia. Kijana wake alikuwa mbali na mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Nikajua ni watu wa mchezo. Kumbe alikuwa mpima ardhi, savea, aliyetumwa kugawa shamba. Baba alikuwepo, Kiprono kando yake, Mama Chelangat na mwanawe mkubwa Kipngetich, na wazee wawili waliotumwa na chifu. Hakuna aliyekuwa ameniambia lolote kuhusu savea. Nyumba nzima ilikuwa na habari, na kila mtu alidhani mtoto wa darasa la nne hahitaji kuelezwa.

Watu wazima walikuwa wamekwama. Mama Chelangat alisema Babu alisimika chuma cha mpaka, na chini yake akazika mawe matatu bapa ya mtoni, ili hata chuma kikiibiwa, mawe yabaki. Marehemu mumewe ndiye aliyemweleza. Lakini tangu chuma kitoweke hakuweza kuonyesha mahali, kwa sababu chai yote inafanana. Baba alisema chuma kilizolewa na mafuriko, na kwamba kilikuwa kule, akaonyesha mbali, karibu na nyumba ya mjane. Kati ya kidole chake na ukweli kulikuwa na mistari kumi na mmoja ya chai. Hayo yote nimeyapanga nikiwa mtu mzima. Siku ile nilisikia sauti tu, macho yangu yakiwa kwenye jicho la kioo.

Savea alikuwa mgeni, si Mkipsigis, na alizungumza Kiswahili. Nilimmiminia chai nikamwuliza kwa Kiswahili changu cha shule, "Hii ndiyo ya kupima milima iende kwa TV?"

Alicheka. Alikuwa amechoka na ugomvi, nadhani, akafurahi kuona mtoto. "Eeh," akasema. "Tutaweka nyinyi wote kwa TV."

Nimewasamehe watu wengi katika hadithi hii kabla ya kumsamehe mtu huyo.

"Na Jino, mbona hamjaweka?" nikamwuliza.

"Jino gani?"

"Ya chuma. Ilikuwa hapa chini. Imetolewa, lakini mimi najua mahali, nimehesabu hatua."

Savea akaacha kunywa. Mzee mmoja akauliza mtoto anasema nini. Nikamwona Kiprono akinitikisia kichwa, polepole, macho yamemtoka, na nakumbuka vizuri sana nilivyofikiri. Nilifikiri, leo umeshikwa. Leo watajua ni hapa na si Tinderet.

"Tuonyeshe," savea akasema.

Nilirudi mpaka kwenye kisiki cha mkaratusi. Nilitembea mbele yao wote nikihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama tulivyofanya gwaride shuleni, mikono imenyooka. Nilisikia viatu vyao tu nyuma yangu na majani ya chai yakikwaruza makoti. Themanini na nne. Nikageuka kushoto. Kumi na tisa. Nikasimama, nikapiga mguu chini, nikasema, "Hapa."

Kijana wa savea akachimba. Udongo ulikuwa laini, wa kuchimbwa karibuni. Jembe lilipogonga jiwe la kwanza, Mama Chelangat aliketi chini palepale kwenye matope na nguo yake nzuri. La pili. La tatu. Yalikuwa meusi, bapa, laini kama sabuni iliyotumika. Baba na Kiprono walikuwa wameng'oa chuma, lakini hawakuchimba zaidi, na nadhani Baba hakuamini ile habari ya mawe mpaka alipoyaona. Nilikuwa namtazama savea, nikingojea aandike Jino kwenye ramani yake, na kweli aliandika kitu, nikafurahi.

Watu walipoondoka, Baba alimwita Kiprono uani. Mimi hakuniita.

"Tulikuwa wawili kule chini," akamwambia. "Mimi sikumwambia mtoto. Nani alimwambia?"

Kiprono alitazama mlangoni, nilipokuwa nimesimama.

"Nauliza nani alimwambia."

"Baba, hakuniambia!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Mimi nilijua kutoka zamani! Ni ya ramani!" Nikakimbia nikaleta ile kalenda, nikaifungua mbele yake, na pale palipokuwa na Jino palikuwa na tundu, na hatua zangu hazikuwepo, kwa sababu Kiprono alikuwa amezifuta.

Baba hakutazama hata. "Nimeona karatasi za kutosha leo," akasema.

Kisha alimwambia Kiprono maneno ambayo niliyasikia bila kuelewa uzito wake. Desemba ile Kiprono alikuwa aingie menjo, kule faraghani vijana wanapotahiriwa na kufundishwa kuwa wanaume, pamoja na rika lake, Kipngetich akiwemo. Walikuwa wameisubiri tangu utotoni. Kule wanafundishwa mambo ambayo mwanamume hayasemi kwa mtu yeyote maisha yake yote. "Mtu asiyeweza kushika neno la nyumba yake," Baba akasema, "hatapewa neno la wanaume. Utangoja." Kungoja maana yake ni kuingia na watoto wadogo mwaka unaofuata, na kila mtu kijijini kuuliza kwa nini.

Nilijaribu mara tatu kumweleza Baba. Mara ya kwanza nilimfuata akichuma, akaniambia nirudi nyumbani. Mara ya pili nilimwambia Mama amwambie, Mama akanijibu, "Nyamaza, usiongeze. Umeshasema ya kutosha." Mara ya tatu nilianza vibaya, nikaanza na ule ukurasa wa sabuni na mtu mwenye panga na Wazungu wanaoweka nchi ndani ya TV, na nilipofika kwa chemosit Baba alikuwa ameshainuka. Utaanzia wapi? Mpaka leo nikijaribu kuisimulia kwa sauti nakwama palepale. Na Kiprono, ambaye angeweza kuieleza kwa maneno mawili, hakuieleza. Nilimwuliza kwa nini hamwambii Baba kuwa ni mchezo tu, kwamba mimi nilihesabu mwenyewe. Akaniambia, "Toka," na akageukia ukuta.

Nilikuwa na hasira naye kwa kunyamaza, na hasira na Baba kwa kutosikia, na hasira na Mama kwa kuogopa. Hasira ya kwamba nimefanya kosa sikuwa nayo bado. Hiyo ilikuja polepole, miaka ikipita, na haikukaa vizuri hata hivyo, kwa sababu mistari ile ilikuwa ya Mama Chelangat. Nilisema kweli, na kweli ile ikamrudishia mjane haki yake. Ningependa sana mtu aniambie nijute lipi kati ya hayo.

Jumapili moja ya Oktoba, baada ya kanisa, Mama Chelangat alikuja kwetu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili. Hati yake ilikuwa imekwisha kushughulikiwa. Alivaa kitambaa cheupe kichwani, Kipngetich alikuwa nyuma yake, na mikononi alikuwa amebeba kibuyu kilichopambwa shanga, kile wanachotolea mursik siku kubwa. Kwetu maziwa yale ya kugandishwa humpi mtu hivihivi ndani ya kibuyu kama kile. Unampa bibi harusi, kijana anayetoka menjo, mtu aliyekwenda mbali akarudi na ushindi. Baba alisimama kumpokea, kwa sababu ni shemeji yake, na mtu hamfukuzi shemeji aliyebeba maziwa. Mama akafuta kiti. Kiprono alikuwa anapasua kuni karibu na mlango na ikabidi aingie asalimie.

Mama Chelangat akanisimamisha katikati ya chumba. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wa mtu wa chai, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. "Huyu mtoto," akasema, "Mungu alimpa macho. Wazee walinyamaza, yeye akasema. Leo nimekuja kumshukuru mbele ya babake." Akamimina kikombe kikajaa mpaka juu, akanipa.

Nilimtazama Baba. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayengojea mvua ipite. "Kunywa," akasema. "Umepewa."

Nikaona hii ndiyo nafasi. Wote walikuwa hapa, na kwa mara ya kwanza walikuwa wananitazama mimi. Nikasema haraka, maziwa yakinimwagikia vidoleni, "Mama, mimi sikujua ni mpaka. Kiprono hakuniambia. Mimi nilidhani ni ya mchezo. Tulichora nchi ya mchezo, na hiyo chuma ilikuwa jino la chemosit, nikahesabu hatua, kitambo sana, kabla itolewe. Baba, Kiprono hakuniambia kitu!"

"Chemosit?" Kipngetich akasema, na akaanza kutabasamu.

Mama Chelangat alicheka kwa upole. "Mchezo gani, mama?"

Sikumjibu yeye. Niligeuka kwa Kiprono, kwa maana duniani kote ni mtu mmoja tu aliyejua mchezo gani, na alikuwa amesimama pale mlangoni, mita mbili tu kutoka kwangu. Baba naye akageuka. Sitasahau jinsi Baba alivyogeuka, upesi, kama mtu aliyeitwa. Alikuwa tayari kusikia. Kiprono angesema neno moja tu na Desemba ingekuwa yake.

Kiprono alimtazama Kipngetich, aliyekuwa bado anatabasamu, mtu wa rika lake, ambaye baada ya miezi miwili angekuwa mwanamume. Kisha akanitazama mimi kama mtoto wa jirani aliyeshika nguo yake njiani.

"Sijui anasema nini," akasema. "Mimi sijui mchezo wowote."

Akatoka. Tukasikia shoka likianza tena nje. Baba akarudi kukaa, na Mama Chelangat akanisukumia kikombe taratibu mpaka mdomoni, akiniambia ninywe mwanangu, ninywe yote, ni yangu.